Binti Zetu na Uongo wa Picha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtia kila mja katika sura aliyoitaka Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazee wenzangu na vijana wetu, nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni la watu wa miji mikubwa tu. Kumbe limekwisha kuteremka mlima, likaingia vijijini na kukaa ndani ya nyumba zetu, nasi twalitazama wala hatulioni.

Jambo lenyewe ni picha: picha za matangazo, za televisheni na za simu, ambazo humfundisha binti wa Kiislamu kulichukia umbo aliloumbwa nalo. Singeandika habari hii kama ingekuwa ya kusikia tu. Naandika kwa sababu imenifika mlangoni, na kwa sababu mimi mwenyewe nina sehemu ya lawama.

YALIYOTOKEA KWETU

Ilemba iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu za Lyamba lya Mfipa. Juu kwenye uwanda wa Ufipa kuna baridi, na watu hulima mahindi, maharage na ulezi. Huku kwetu bondeni kuna joto na jua kali, na watu hulima mpunga. Binti wa bonde hukua akiinama shambani, na ngozi yake ni ngozi ya watu wa jua. Zamani mtu alipotaka picha alipanda mpaka Sumbawanga mjini, akapigwa moja, akaitia ukutani ikakaa miaka kumi. Siku hizi mtoto hujipiga picha ishirini kabla ya adhuhuri.

Katika madrasa yangu walikuwapo wasichana wawili wenye jina moja. Ili kuwapambanua, mmoja nilimwita Mweupe, na wa pili nilimwita Keusi. Wanafunzi walicheka, nami nilicheka pamoja nao, wala sikuona neno. Jina lile likamfuata yule binti kutoka kwenye mkeka wa madrasa hadi kisimani, na kutoka kisimani hadi sokoni. Alihitimu msahafu akiwa bado anaitwa hivyo.

Alipokua ikaja posa kutoka mbali. Kijana yule alikuwa ameona picha yake katika simu. Nyinyi mnazijua simu hizi: nyingine, hata kabla hujaiamuru, husugua uso, huondoa chunusi, hupunguza weusi na kukuza macho. Wageni walipofika, shangazi wa kijana alimtazama binti, akaitazama simu, kisha akasema mbele ya watu, "Huyu siye wa kwenye picha." Hawakugombana na mtu. Walikunywa chai, wakaaga, hawakurudi tena.

Miezi michache baadaye babake akanijia usiku. Akasema, "Maalim, mtoto amerogwa. Uso unaungua kama uliomwagiwa maji ya moto, na kila akitoka juani analia. Njoo umsomee." Nilikwenda na msahafu wangu. Nikamkuta amejifunika mtandio hadi machoni. Alipoufunua niliona mashavu mekundu yaliyobanduka, na chini ya macho weusi uliokoza kuliko ule wa kuzaliwa, hali vidole vyake vimebaki vilevile. Nikamwuliza taratibu, "Mwanangu, umepaka nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akauvuta mkebe kutoka chini ya mto. Alikuwa ameununua kwa fedha ya mpunga wake mwenyewe.

Nikaanza kumlaumu. Nikamwambia, "Ni nani aliyekudanganya kuwa weusi ni aibu?" Akaniangalia akasema kwa adabu, "Samahani, Maalim. Wewe ndiye uliyeniambia kwanza."

Ndugu zangu, nimefundisha miaka mingi, na sijapata kupewa somo zito kama lile. Usiku ule nilimsomea aya za shifaa, kwani Kurani ni dawa; lakini niliwaambia wazazi wake kwamba hapa hapana jini wala mchawi, na kwamba asubuhi aende zahanati na mkebe wake mkononi. Kutoka zahanati alipelekwa Sumbawanga, akatibiwa.

MKOROGO HUFANYA KAZI GANI

Kwa kuwa wengi hununua mikebe hii bila kujua kilichomo, yafaa tueleze. Mwenyezi Mungu ameitia ngozi yetu rangi iwe mwavuli wa jua. Atakaye kuona faida ya mwavuli huu na awatazame ndugu zetu wenye ualbino, ambao wamezaliwa bila rangi hiyo au nayo kidogo: jua huwaunguza, na wengi wao huugua saratani ya ngozi wasipojikinga. Binti anayejichubua anautupa mwavuli wake kwa hiari, kisha anakwenda kuvuna mpunga saa sita mchana.

Dawa za kujichubua zina sumu za namna tatu hasa. Ya kwanza ni zebaki, yaani madini yale yale ambayo wachimbaji hukamatia dhahabu. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na mwenye mimba huweza kumfikishia mtoto aliye tumboni. Tena hushika kwenye taulo na mashuka na kupanda hewani, hata watoto wa nyumba ile ambao hawakupaka kitu wakapata sehemu yao ya sumu. Ya pili ni haidrokwinoni. Hii hung'arisha mwanzoni, lakini kwa mtu aliyeizoea muda mrefu huweza kuirudisha ngozi katika weusi wa kibuluu usiofutika kwa urahisi. Waganga wa Afrika Kusini walikwisha kuyaandika hayo mwaka 1975, na nchi ile ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Ya tatu ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa kipimo na kwa siku chache. Zikipakwa ovyo kwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi, na kidonda huchelewa kupona. Mwanamke wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua, mshono wake huwa taabu.

Kuchanganya dawa hizi chunguni ndiko kulikoitwa mkorogo, na jina lenyewe latosha kukuonya, kwani mkorogaji hapimi wala hajui atakachokitoa.

Serikali haikunyamaza. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania tangu zamani, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia iko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mataifa nayo yalipatana mwaka 2013 katika Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki; na mwaka 2023 wakakubaliana kuwa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia mwaka 2025. Bunge la Afrika Mashariki pia lilipitisha azimio dhidi ya haidrokwinoni. Lakini mikebe bado inapita. Mipaka ni mirefu, na kinachoivuta bidhaa hii ni ile chuki ya binti juu ya uso wake. Maadamu chuki ipo, mkebe utakuja.

CHUKI HII YATOKA WAPI

Wengine hudhani kuwa haya yalianza na simu. Sivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 magazeti ya picha yaliyosomwa na Waafrika, kama Drum la Afrika Kusini, yalijaa matangazo ya krimu za kung'arisha. Tangazo lilimwonyesha mwanamke mwenye uso wa maji ya kunde, amevaa vizuri, ana kazi nzuri na mume mwenye cheo, kana kwamba vyote hivyo vimetoka katika ule mkebe. Binti aliyesoma hakuuziwa krimu peke yake. Aliuziwa pia dhana kwamba weusi wake ndio uliomzuilia maisha mema.

Hata filamu za kupigia picha hazikuwa na uadilifu. Kwa miaka mingi wenye maduka ya kusafishia picha walipima rangi zao kwa kadi iliyopigwa picha ya mwanamke wa Kizungu. Rangi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ndiyo maana wazee wetu wengi katika picha za zamani wanaonekana meno na macho tu. Kosa lilikuwa la chombo, lakini mtu alirudi nyumbani akidhani kosa ni la uso wake.

Katika nchi yetu jambo hili liliwahi kupingwa kwa nguvu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU katika Dar es Salaam ulitangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969 watapiga vita nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Operesheni ile ilikuwa na nia ya kulinda heshima ya Mwafrika. Hata hivyo wako waliogeuza nia hiyo kuwa ruhusa ya kuwasumbua wanawake njiani. Waliokamatwa ni wasichana. Aliyeleta mikebe, aliyechapa tangazo, na mwanamume aliyetaka mke mweupe, hao hawakuulizwa kitu. Miaka ikapita na mikebe ikabaki. Hapa tunapata funzo kwamba fimbo peke yake haitoi ugonjwa ulio moyoni.

Tena si rangi tu. Katika visiwa vya Fiji watu walikuwa wakipenda mwili ulionenepa, na kukonda kulikuwa dalili ya ugonjwa au ya kutotunzwa, kama ilivyo kwetu. Mwaka 1995 televisheni ikafika katika sehemu moja iitwayo Nadroga. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule wakati ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, kisha akauliza wengine wa rika lile mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyejitapisha ili akonde. Baada ya miaka mitatu walikuwa 11 katika kila 100, na 74 katika kila 100 walisema kuwa huwa wanajiona wanene kupita kiasi. Haukubadilika mwili wa Wafiji katika miaka mitatu. Kilichobadilika ni kioo walichojitazamia.

Na kioo cha leo kinashinda kile. Mwaka 2021 zilitoka hadharani karatasi za siri za kampuni ya Facebook, yenye mtandao wa picha uitwao Instagram. Wataalamu wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba, kwa wasichana wanaoyaona maumbo yao kuwa mabaya, mtandao ule unaizidisha hali hiyo kwa mmoja katika kila watatu. Nchi nyingine zimeanza kutunga sheria. Ufaransa tangu Oktoba 2017 yataka tangazo lenye picha ya mwanamitindo aliyekondeshwa au kunenepeshwa kwa mashine liandikwe wazi kuwa picha imeguswa, na Norway tangu Julai 2022 yataka kadhalika. Ikiwa wenye mashine wenyewe wakiri kuwa picha hizi ni za uongo, kwa nini binti wa Ilemba auunguze uso wake ili aufuate uongo?

DINI YATUFUNZA NINI

Mwenyezi Mungu ametuapia katika Sura ya At-Tin kuwa amemuumba mtu katika umbo lililo bora kabisa. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, ametuambia kuwa kuhitilafiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake kwa wenye ujuzi. Zingatia neno hili, ewe kijana: rangi yako ni ishara ya Mola wako. Na katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, tena akawataja wanawake mahsusi. Aya hii nimeifundisha mara nyingi, hali nikimwita mtoto wa watu Keusi. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Hadithi za Mtume (S.A.W.) ni nyingi katika mlango huu. Sahaba Abdallah bin Masud alikuwa mtu mwenye miundi miembamba. Siku moja upepo ukamfunua, watu wakacheka, Mtume akawajulisha kuwa miundi ile itakuwa mizito katika mizani kuliko jabali la Uhud. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alimtaja mke mwenziwe Bibi Safiya kwa kuashiria ufupi wake, Mtume akamwonya kuwa neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Ikiwa neno dogo kama hilo, lililotoka katika nyumba ile tukufu, lilipimwa hivyo, tusemeje juu ya maneno tunayoyatupa kila siku mbele ya watoto wetu?

Na Ibn Abbas alimwonyesha mwanafunzi wake mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyu ni katika watu wa Peponi. Alikuwa mgonjwa wa kifafa aliyechagua kusubiri, akaomba tu aombewe asifunuke nguo anapoanguka. Mwanamke huyu hakusifiwa kwa uso, alisifiwa kwa subira na haya.

Lakini mtu asije akadhani kuwa dini inamkataza mwanamke kujipamba. Mama zetu walijua hina, wanja na liwa, na mwari alisuguliwa akatoka na ngozi nyororo, rangi yake ikiwa ni ile ile. Kujipamba ni kulitunza umbo. Kujichubua ni kulikana. Kadhalika mwenye ugonjwa wa ngozi, au kovu la moto, akitibiwa na mganga hana lawama, kwani hiyo ni dawa. Kinachokatazwa ni kuugeuza uumbaji wa Mungu bila dharura na kuudhuru mwili aliotupa kwa amana. Na kanuni ya sheria yetu ni kuwa hakuna kujidhuru wala kuwadhuru wengine.

WENYE DENI NI SISI

Wanaume twapenda kuhubiri juu ya wanawake, nami nilikuwa mbele katika hilo. Lakini katika Sura ya An-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza na wanaume, kisha ndipo wakatajwa wanawake. Mwanamume anayeshinda usiku akifungua picha za wasichana katika simu yake, kisha mchana akamlinganisha mkewe nazo, ndiye aliyemtuma dukani kununua mkebe. Kijana atakaye mke kwa picha, na amrudishe shangaziye nyumbani, kwani hajui anaposa mtu au anaposa mashine.

Basi haya ndiyo ninayowausia ndugu zangu. Baba na mama, msimwite mtoto kwa rangi, kwa unene wala kwa wembamba wake, hata kwa mzaha. Msimsifu mmoja kwa weupe mbele ya mwenziwe. Ketini na watoto mkitazama picha, mwaambie wazi: huyu amesuguliwa na mashine, huyu amepakwa, huyu amelipwa ili auze. Mwenye duka, usilishe watoto wako kwa fedha ya kuunguza watoto wa wenzako. Mwalimu mwenzangu, angalia ulimi wako kabla ya fimbo yako. Na binti ambaye amekwisha kuanza kujipaka, asione haya, wala asiache ghafla na kujifungia ndani, kwani baadhi ya dawa hizi zikiachwa mara moja uso huwaka zaidi; na aende kwa daktari pamoja na mkebe wake, aseme kweli ya alichokipaka na muda aliokipaka.

Yule binti wetu alipata nafuu baada ya miezi mingi. Mekundu yaliondoka; alama mbili nyeusi mashavuni zimebaki, na huenda zisiondoke. Siku aliporudi madrasa kuwasaidia watoto wadogo, niliwakusanya wanafunzi wote, nikasimama, nikamwomba radhi mbele yao kwa jina nililompa, na tangu siku ile namwita kwa jina alilopewa na babake siku ya akika. Alinisamehe. Posa ile haikurudi, wala hatukuomba irudi.

Juzi nilimsikia akimfundisha mtoto mmoja alifu kwa kijiti. Mtoto akamwuliza, "Dada, hizo alama ni za nini?" Akamjibu, "Nilisahau ni nani aliyeniumba." Kisha wakaendelea na somo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi binti zetu, azilinde ndimi zetu na macho yetu, na kama alivyotengeneza maumbo yetu, atutengenezee na tabia zetu. Amin. Wabillahi taufiki.